Nzuri, Ila

Iko nchi iitwayo Jamhuri ya Shwari. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana wachora ramani walipofika mpakani waliuliza habari za huko, wakajibiwa nzuri, wakageuza. Huko, kama kwingine kote ambako watu wamelelewa wakaleleka, ukiulizwa habari unajibu nzuri. Hilo halina mjadala. Nyumba inaungua, unajibu nzuri, unavuta pumzi, ndipo unaongeza: ila nyumba inaungua. Mgonjwa amekata roho alfajiri, unajibu nzuri, ila mgonjwa wetu ametutoka. Nzuri ni ya adabu, ila ndiyo yenye habari. Washwari waliishi hivyo wakaoana na wakazikana, na hakuna aliyemwita mwenzake mwongo.

Halafu masikio yakafunguka.

Ilikuwa baada ya masika. Wataalamu wa serikali mpaka leo wanasema chanzo kinachunguzwa na kwamba hakihusiani na serikali. Mtu yeyote aliyekusogelea kiasi cha kupokezana kikombe alianza kusikia moyo wako unavyosema, wazi kabisa, kama redio ya jirani asiyejua kupunguza sauti. Huwezi kuuziba kwa kiganja wala kuukohoa ukapotea. Ulichowaza ndicho kilichosikika, tena kwa sauti yako mwenyewe.

Mtaa wa Uvumini ulilijua jambo hili kwa Bi Mishi Karama, msusi. Saluni yake ilikuwa kibanda cha mabati chenye kioo kimoja na viti vinne, na haikosi wanawake kumi, kwa sababu wengine hawakuja kusukwa, walikuja kusikia. Asubuhi hiyo alikuwa anamsuka mke wa mwenyekiti wa mtaa, mkono unapita taratibu, mdomo unasifia nywele, na moyo wake ukasema mbele ya watu wote kwamba mba wa kichwa hiki unatosha kupaka ukuta chokaa. Moyo wa mke wa mwenyekiti haukukawia. Ukasema kwamba hata yeye asingeleta kichwa chake hapa kama msusi wa maana asingekuwa amesafiri. Kisha nyoyo zote zikafumuka kwa mpigo, na kufika adhuhuri mashoga wa miaka mingi walikuwa wanafumuana nywele bila malipo.

Kilichomuuma Bi Mishi si ugomvi. Ugomvi ni mboga ya saluni. Kilichomuuma ni kwamba umbeya ulikufa. Umbeya unataka mmoja ajue na mwingine asijue, na katikati yao pawe na kikombe cha chai. Sasa Bi Kidawa, shoga yake wa chanda na pete, ambaye zamani aliweza kuilea habari moja wiki nzima kama anayelea mimba, alikuwa akitia mguu mlangoni tu habari imeshamtoka yote, haina chumvi wala pilipili, watu wanaendelea kuchana nywele.

Nyumbani kwake tu ndiko hakukuharibika kitu. Mumewe, Shebe, alikuwa mchora mabango, mtu wa mzaha na maneno mengi, na masikio yalipofunguka ikagundulika kwamba moyo wake unasema yale yale yanayosemwa na kinywa, ila kwa kelele zaidi. Akimtania mkewe kwamba anakoroma, moyo nao unamtania. Akimwita nuru ya kibanda, moyo nao unaita, tena unarudia. Majirani walikuja kutegea ukutani wakitarajia makubwa, wakarudi na wivu. Bi Mishi alijiona ameolewa mara mbili na mtu mmoja, na wote wawili anawapenda.

Huko juu hali haikuwa hivyo. Baraza la Mawaziri lilikutana mara moja chini ya utaratibu mpya, na mkutano ukavunjika kabla chai haijapoa. Tangu hapo vikao vilihamishiwa uwanja wa mpira. Kila waziri alipewa jukwaa lake, Waziri wa Fedha akawekwa kwenye kona, wakawa wanajadili mustakabali wa taifa kwa kupigiana kelele. Mtukufu Mlezi wa Shwari, mkuu wa nchi, yeye alihamia juu ya mnara wa maji wa Ikulu. Chakula kilipandishwa kwa kamba. Wananchi waliambiwa kwamba amepanda ili awaone wote vizuri, nao wakamshukuru.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Kulinganisha Ulimi na Moyo. Aliyeitangaza ni Naibu Waziri wa Nyoyo, Mheshimiwa Dakta Kipengele, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuzindua visima. Alisimama mbali na watu, kama itifaki ilivyotaka, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "uchunguzi wa kina, wa mapana na wa marefu, umebaini kwamba moyo wa Mshwari hauna kosa lolote. Moyo ukiulizwa habari unaanza vizuri tu. Unasema nzuri. Tatizo, ndugu zangu, ni kile kineno kinachofuata. Serikali yenu sikivu imekipata. Kineno hicho ni ila."

Basi ila ikapigwa marufuku, kinywani na moyoni. Ikafutwa kwenye vitabu vya shule, na watoto wakaanza kusoma kwamba sungura alikuwa mjanja fisi alikuwa na njaa, wapambanue wenyewe. Neno lakini halikufungwa, liliwekwa chini ya uangalizi. Wakaajiriwa Wasikilizaji wa Kiapo, waliovaa kaunda suti za kijivu na kupita mitaani wawili wawili. Mmoja alikusikiliza wewe, wa pili alimsikiliza wa kwanza. Kazi yao ilikuwa kusalimu. Wanakuuliza habari, unajibu nzuri, wanakusogelea, wanategea. Moyo ukichomoza ila, unakwenda nao.

Nchi yenye watu wakarimu ikaanza kukimbiana. Mtu aliona jirani anakuja kwa njia hii, anaruka michongoma. Wagonjwa walitembelewa na watu waliokaa kimya wakitazama dari. Hodi zilipigwa zikaachwa.

Shebe alipata kazi nyingi msimu huo. Alipewa zabuni ya kuandika neno NZURI kwenye kuta zote za umma, kwa rangi ya kijani, herufi za kimo cha mtu. Siku moja alikuwa juu ya ngazi kwenye ukuta wa posta, shavu limemvimba kwa jino lililomnyima usingizi, Wasikilizaji wakasimama chini wakamuuliza, "Habari za leo, fundi?"

Fundi akatema mate ya rangi, akashika shavu. "Mbaya," akasema.

Wakasogea, wakapanda ngazi, wakategea. Moyo nao ulikuwa unasema mbaya. Mbaya tupu, haina ila, haina lakini. Wasikilizaji wakatazamana. Ulimi na moyo vimelingana kama sheria inavyotaka, na hakuna Mshwari, tangu nchi ipate jina, aliyewahi kuulizwa habari akaanza na mbaya. Hata waliotunga sheria hawakuwa wameliwazia hilo. Ilibidi kitafutwe kifungu, kisha kikatungwa: kulinganisha ulimi na moyo kwa upande usiokusudiwa. Shebe aliteremshwa akapelekwa Chuo cha Kunyoosha Nyoyo, huko mlimani. Ukutani aliacha NZU, na kwa muda mrefu watu wa posta walikuwa wanapeana miadi wakutane chini ya Nzu.

Bi Mishi alifunga saluni akaanza safari za maofisini. Siku za mwanzo moyo wake ulipiga makelele hata makarani wakawa wanahamia dawati la mbali. Ulimwita Shebe kwa majina ambayo mtu hayatoi mbele ya wageni. Kila ofisi ilimwambia kwa upole kwamba malalamiko yake yanasikika mno, aende akatulie, arudi akiwa ametulia. Alirudi. Wakasema bado. Alirudi tena, karani mmoja akasema kuna nafuu ila bado, kisha akashikwa mdomo na mwenzake kwa kutamka neno lile, na Bi Mishi hakucheka. Zamani angecheka wiki nzima.

Siku moyo wake uliponyamaza hakuijua. Ulizimika kama jiko la mkaa, ambalo hakuna anayeliona kaa lake la mwisho likifa, mtu anapeleka mkono tu na kukuta jivu. Alifungua tena saluni. Alisuka vizuri, pengine vizuri kuliko zamani, kwa sababu mikono haikuwa na cha kuwaza. Wateja walikuja kwa wingi, wakifuata ule utulivu wa kukaa karibu na mtu asiyesikika. Nyoyo zao zilimwonea huruma kwa sauti, naye aliisikia huruma yao kama mtu anavyosikia mvua inanyesha mtaa wa pili.

"Mishi, shoga yangu," Bi Kidawa alimwambia siku moja, akiwa amekaa kichwa nusu kimesukwa, "kukaa na wewe siku hizi ni kama kukaa na kabati. Nilie au niweke nguo?"

Bi Mishi akamwambia ageuze shingo kidogo kushoto.

Wasikilizaji walipofika saluni na kuuliza habari za asubuhi, alijibu nzuri. Walisogea. Hawakusikia ila, wala hawakusikia hiyo nzuri yenyewe. Wakaita wakubwa zao. Wakubwa wakaja na daktari, akampima mapigo, akathibitisha kwamba mama ni mzima, damu inazunguka, kasoro hakuna mtu. Jioni hiyo hiyo Dakta Kipengele alifika Uvumini kwa msafara, na kwa mara ya kwanza tangu masikio yafunguke aliingia kwenye kibanda cha raia akaketi. Moyo wake ulitangulia kusema kwamba kiti kinambana, halafu ukasema huyu mama ni dhahabu.

Alimweleza kwa kirefu. Sherehe za Siku ya Nzuri zilikuwa zinakaribia. Kulikuwa na maneno ya chini kwa chini kwamba Mtukufu anawaogopa watu wake. Basi Mtukufu angeshuka mnarani, amsalimie raia mmoja uso kwa uso, na Wasikilizaji wa Kiapo wawatangazie wananchi kwamba moyo wa raia umekutwa safi. Raia huyo, serikali ilikuwa imemtafuta nchi nzima bila mafanikio.

"Na kwa kuwa serikali yako si chuma," alimaliza, "ukifanikisha hilo, mumeo anarudi nyumbani."

Hapo, mbele ya wateja na walinzi na kichwa cha Bi Kidawa kilichokuwa bado nusu, moyo wa Bi Mishi ukatoa kisauti. Kilikuwa chembamba, cha mlango uliokaa muda mrefu bila mafuta. Kilisema: Shebe.

Dakta Kipengele akaruka kitini. "Bi Mishi," alisema, "nakuomba sana, usitumaini."

Ndiyo ikawa kazi. Mume angerudi tu kama mke hamtaki, na mke hangeweza kutomtaka akiambiwa anarudi. Wizara ilimchukua ikamweka kwenye nyumba ya wageni yenye mapazia mazito, ikaleta wakufunzi, watumishi wa umma waandamizi ambao hawakuwa wametumaini chochote tangu waajiriwe. Asubuhi walimwapia kwamba Shebe atarudi, kwa sababu ahadi ya serikali ni ahadi. Mchana walimwapia kwamba hatarudi, kwa sababu mtaala ulitaka hivyo. Jioni walimwambia hawajui, na hilo ndilo pekee walilolisema nyoyo zao zikiafiki. Siku za kwanza kile kisauti kilipanda na kushuka kama maji ya kisima. Bi Mishi alikuwa akijiinamia na kukikanya mwenyewe, polepole, kama anavyokanywa mtoto msibani: nyamaza, tutampata, ukinyamaza tutampata. Kisha akawa anakiambia nyamaza tu. Mwisho hakukuwa na wa kumwambia.

Aliuliza jambo moja tu muda wote ule, kama jino la mumewe liling'olewa. Mkufunzi akajibu kwamba jino lilishughulikiwa.

Siku ya Nzuri uwanja ulifurika. Bendi ya polisi ilikaa tayari, ikiwa imeagizwa kupiga endapo kutasikika jambo. Mtukufu alishushwa mnarani kwa ngazi ya zimamoto, mzee mfupi, magoti yake hayajazoea ardhi, akatembea juu ya zulia mpaka alipokuwa Bi Mishi. Pembeni walisimama Wasikilizaji wanne na Dakta Kipengele. Wananchi walikuwa mbali, nyuma ya kamba.

"Habari za nyumbani, mama?" Mtukufu aliuliza.

Waandaaji walishituka, maana swali waliloliandika lilikuwa habari za leo. Neno nyumbani lilikuwa hatari. Bi Mishi alilisikia likipita ndani yake, likatafuta pa kukaa, likakosa, likatokea upande wa pili.

"Nzuri," alijibu.

Wasikilizaji wakategea, wakatazamana, mkubwa wao akainua kipaza sauti akatangaza kwamba moyo wa raia umekutwa safi. Uwanja ukapiga makofi. Na hapo mambo yangeishia, kama Bi Mishi asingekuwa ametoka kwa watu. Wizara ilimfundisha kutotaka, kutongoja na kutokumbuka, na wote pamoja, na digrii zao, wakasahau kwamba Mshwari akisalimiwa hurudisha. Hakufanya kwa ujasiri. Ulimi ulikwenda wenyewe, kama mguu unavyopanda kizingiti unachokijua.

"Sijui zako, baba."

Kamati nzima ya maandalizi ikageuka rangi. Hakuna aliyemuuliza Mtukufu habari zake tangu alipopanda mnarani. Alifungua kinywa akasema nzuri, kama mtu mwingine yeyote, na moyo wake, ambao ulikuwa umekaa siku nyingi bila msikilizaji, ukavuta pumzi. Ila silali, ukasema. Ila upepo wa kule juu unanitikisa. Ila chakula kinafika kimepoa, na sijui anayekipika ananiwazia nini. Ila nimesahau nilikuwa nataka nini nilipoitaka kazi hii. Ila, ila, ila. Mkubwa wa Wasikilizaji alikuwa ameshainua kipaza sauti kwa mazoea. Alikitazama kama mtu aliyeshika nyoka. Dakta Kipengele aliipungia bendi mkono, na bendi ikapiga kwa nguvu zote, wapiga tarumbeta mashavu yamewajaa.

Katikati ya kelele hiyo Mtukufu alimwinamia Bi Mishi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Alimtegea kwa muda. Alitafuta kicheko, au ghadhabu, au hata huruma, ambayo wakati ule angeipokea. Hakuna. Angekuwa Bi Mishi wa zamani, Uvumini yote ingeshajua kabla jasho la Mtukufu halijakauka. Mtukufu alishusha pumzi ya mtu aliyepata kisima cha kutupia siri zake. Akaagiza mume wa mama huyu arudishwe siku hiyo hiyo, kisha yeye mwenyewe akapandishwa tena mnarani. Wasikilizaji wanne walipelekwa masomoni nchi za mbali.

Shebe aliletwa kwa gari la serikali. Uvumini ilitoka yote. Saluni ilijaa, baraza zikajaa, watu wakapanda mpaka juu ya pipa la maji, na nyoyo zao zilikuwa zinapiga vigelegele kwa pamoja hata huwezi kusikia kinywa. Aliteremka akiwa amevaa suti mpya ya kijivu, amenenepa kidogo, nywele zimechanwa na mtu mwingine. Alisimama mlangoni mwake kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Nyuma yake walikuwa Wasikilizaji wawili wapya, waje wathibitishe makabidhiano.

"Habari za huko?" Bi Mishi alimuuliza.

"Nzuri," Shebe alisema.

Nyoyo zote za Uvumini zikanyamaza. Kila mtu alikuwa anangoja ila. Watu waliomjua Shebe tangu utoto walijua kwamba ila yake ilikuwa ndefu, ina miguu, ina mikono, inacheza. Bi Kidawa alikuwa ameuma kanga yake. Sheria au si sheria, wangeificha, wangeimeza, wangepiga kelele kuifunika. Bi Mishi alimsogelea, akapita umbali wa kikombe, akafika umbali wa pumzi, akategea. Ndani ya Shebe palikuwa pamefagiliwa.

"Sijui zako?" Shebe aliuliza, kwa sababu ni mtu aliyelelewa.

"Nzuri," alisema Bi Mishi.

Shebe naye alitegea, kidogo, kisha akarudisha kichwa chake. Wasikilizaji wakasema kila kitu kiko sawa, wakawapa mkono wote wawili. Watu wakaanza kushuka kwenye pipa, wengine wakikumbuka kwamba wameacha vyungu jikoni. Bi Kidawa alibaki mlangoni mpaka moyo wake ulipoanza kusema jambo, akauwahi, akaondoka haraka akiwa ameshika mdomo, ingawa haukuwa mdomo uliokuwa unasema.

Bi Mishi alimwambia mumewe aingie, akaingia. Alimwambia aketi, akaketi. Alimwekea wali na mchuzi wa samaki, akakaa mkabala naye wakala kwenye sinia moja.

"Chumvi vipi?" alimuuliza.

"Nzuri."

Bi Mishi akaonja. Ilikuwa chumvi ya kukaushia papa, chumvi ya kumtoa mtu machozi. Kama aliitia mara mbili kwa kusahau au kwa makusudi hakuna anayejua, maana waliokuwa wangali ukutani wakitegea wanasema moyo wake haukusema neno. Alimtazama Shebe akimega, akitowea, akimeza. Akajisogezea sinia, naye akaendelea kula.